Lifti ya Mama Mkwe

Siku hizi nikipita Rodi Kopany napandisha vioo vya gari, na vioo vyenyewe havina tinti, kwa hivyo watu wananiona vizuri kabisa nikijificha. Kuna mama anayeuza ndizi pale kwenye kona, huyo hata niendeshe namna gani lazima anione, na akiniona anapaza sauti, "Orwa! Lifti iko?" (orwa kwa Kijaluo ni mkwe wetu, mtu aliyeoa kwetu), na wenzake wanashika mbavu, na mimi nacheka pamoja nao kwa sababu mvuliwa nguo huchutama. Wacha niwaeleze ilivyokuwa, na mkielewa kunizidi mniambie, maana mpaka leo kuna sehemu ya ile siku ambayo sijaielewa.

Nina pikapu ya zamani, ile ya milango minne, magurudumu yote yanavuta, umri wake siutaji kwa heshima yake. Mimi nauza matangi ya maji hapa Suna, na kazi ni kumpelekea mtu tangi mpaka bomani kwake, na ukishatoka lami ukaingia kule ndani ni udongo mweusi, ule ambao mvua ikinyesha unang'ang'ania gari kama mtoto anayekataa mamake aende sokoni. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mke wangu Awuor. Sababu ya kweli (sasa mnaijua) ni kwamba nilienda Isebania nikaona pikapu kama yangu, rika moja kabisa, imeinuliwa juu, imevaa tairi nene zenye meno, imesimama kati ya malori ya mpakani na kila mtu anaigeukia, na mwenyewe akafungua mlango akaruka chini, hakushuka, aliruka. Nikaangalia yangu nikaona ni fupi. Nilikuwa nimeiendesha miaka yote hiyo bila kujua kwamba ni fupi.

Basi nikaenda kwa Fundi Marwa, ambaye gereji yake iko nyuma ya kinu cha posho, Mkuria mmoja mwenye maneno mengi kuliko spana, akaingia chini ya gari nikabaki naongea na miguu yake.

"Hapa tunaweka lifti," miguu ikasema. "Springi ndefu, shokamzoba ndefu, alafu tunakata fenda kidogo ndio tairi kubwa iingie. Nikimaliza, boss, wewe utakuwa unaangalia watu kwa utosi."

Hilo neno la utosi ndilo lililonimaliza. Nikamwachia gari.

Jioni gari ilipotoka nikafika nyumbani nikapiga honi, Awuor akatoka na simu sikioni anaongea na mamake, akauliza kwa ishara ya mkono, hii nini, nikamwambia kwa kifua mbele, "Nimeweka gari lifti." Naye akageuka akamwambia mamake kwa Kijaluo, neno kwa neno, kwamba nimeweka lifti kwa gari, na kule upande wa pili nikasikia mama mkwe amepiga kelele ya furaha mpaka simu ikakwaruza. Nikajua kweli nimefanya jambo kubwa. Nikajiuliza tu kidogo, tangu lini huyu mama akapenda mambo ya springi? Lakini mtu akisifiwa haulizi sana.

Sasa lazima niwaambie kuhusu mama mkwe, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Jina lake silitaji, hata hapa kati yetu, kwetu mama mkwe haitwi kwa jina. Tena hashikwi mkono ovyo, haguswi, haamrishwi, na hukai naye bega kwa bega. Mnaheshimiana kwa umbali. Na haji kwako vile jirani anakuja kuomba chumvi. Anaalikwa, siku inawekwa, anakuja na wanawake wake, anapikiwa, anaingia nyumba ya binti yake kwa mlango wa mbele. Mahari na mambo yote ya kwao nilikuwa nimeshayatimiza, ilibaki yeye tu kuja, lakini magoti yake yalikuwa yameharibika, hayakunjiki vizuri, na kila siku iliyowekwa akawa anaahirisha, na Awuor akawa anaambiwa na majirani, hivi wewe mama yako hajui mlango wako? Alikuwa anacheka akiambiwa hivyo, halafu anaingia ndani anakaa muda mrefu.

Halafu ghafla, wiki ile ile gari ilipopanda juu, mama akasema atakuja. Jumamosi. Nimchukue Rodi, tena sokoni, si nyumbani kwake. Awuor alilia kwa furaha akanunua mapazia mapya. Mimi nikasema moyoni, kumbe tairi kubwa zina heshima yake.

Jumamosi nikaondoka peke yangu, Awuor amebaki na masufuria na shangazi zangu na kwaya. Gari yenyewe ilikuwa inanichanganya. Mshale wa spidi ulisema naenda polepole lakini miti ilikuwa inapita haraka, nikipita watu ambao sikukusudia kuwapita, na kila nikikata kona kali kitu fulani chini upande wa kushoto kinasema kwaruu. Nikampigia Marwa, akasema, "Hiyo ni tairi inazoea tu." Inazoea nini? Akakata simu.

Nikafika Rodi mapema kuliko nilivyopanga, na pale sokoni nikakuta umati. Wanawake wa kanisa wamevaa sare. Nyuma yao watu wengine wamepanga mstari na mizigo: mzee ana jogoo kwapani, mwanamke ana gunia la viazi vitamu, mwingine amefunga mbuzi wawili kamba moja. Nikadhani kuna mkutano. Nikasimamisha gari, nikafungua mlango, nikaruka chini kama yule wa Isebania (niliteguka kidogo lakini hakuna aliyejua), na watu wakapiga makofi.

Mzee wa jogoo ndiye alikuwa wa kwanza. "Orwa, tumesikia kuna lifti."

"Ndiyo," nikasema, nikapigapiga tairi. "Hii hapa."

"Mpaka Rongo?"

Sikuelewa. "Mpaka popote," nikamjibu, nikifikiria matope. "Hii haichagui njia."

Kabla sijafunga mdomo jogoo ameshapanda nyuma. Na mzee. Na gunia la viazi, na mwenye viazi, na mbuzi wakisukumwa makalio, na watu ambao sikuwahi kuwaona wakaanza kunishukuru na kuniombea, na mmoja akaniuliza kama nikirudi jioni nitapitia Oyugis. Oyugis iko wapi na Suna iko wapi jamani? Lakini hao ni watu wa kwa mama mkwe. Utawashusha na mdomo upi?

Nikiwa bado nashangaa, wanawake wa kanisa wakapisha katikati na mama mkwe akatokea. Mwanamke mkubwa, mrefu, amevaa gauni la buluu, kilemba kimesimama, na fimbo yake. Alitembea polepole mpaka kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, akageuka, akaipa gari mgongo, akashika mkoba wake kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akatazama soko.

Nikangoja. Yeye akangoja. Soko likangoja. Nikafungua mlango, nikasema, "Karibu, mama," nikarudi nyuma hatua za heshima. Hakusogea. Nikafikiri labda kuna maombi. Nikavua kofia. Hakuna aliyeomba.

Rafiki yake mkubwa, kiongozi wa wale wanawake, anaitwa Mama Risper, akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata mbuzi walisikia. "Orwa, si uiteremshe?"

"Niteremshe nini?"

"Lifti."

"Lifti iko chini ya gari, mama. Imefungwa na bolti."

"Haya basi, ifungue. Amesimama sana."

Jasho likaanza kunitoka mahali ambapo sikujua jasho hutoka. Nikampigia Awuor. "Ulimwambia mama nini kuhusu gari?"

"Vile uliniambia. Umeweka lifti." Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. "Yawa, jamani. Baba Hawi. Unakumbuka tulipompeleka Kisumu kwa ajili ya magoti? Ile hospitali ya ghorofa?"

Nikakumbuka. Kule Kisumu mama mkwe alisimama kwenye kile chumba kidogo kinachopanda chenyewe, lifti, akapanda ghorofa zote bila kukunja goti, na tangu siku hiyo ameisimulia kanisani kama wengine wanavyosimulia walivyookoka. Kwa hivyo alipoambiwa mkwe ameweka lifti kwa gari, yeye alijua ni lifti gani. Mkwe amefikiria magoti yake. Alikuwa amewaambia watu wote wa Rodi waje waone. Na nusu ya watu wa Rodi nao wakajua ni lifti gani: ile ya kubebwa bure.

Lifti yangu mimi, ile ya Marwa, ilikuwa imefanya jambo moja tu, kumpandishia ngazi mama asiyeweza kupanda ngazi. Kabla ya Marwa, ile gari angeingia akisukuma tu makalio kwenye kiti. Sasa sakafu ya gari ilikuwa inamfika kiunoni.

Tukajaribu, lakini tulijaribu kwa heshima, na heshima haina nguvu. Kikaletwa kiti cha hoteli, goti likakataa. Likaletwa kreti la soda, likapasuka. Wanawake wakataka kumsukuma kutoka nyuma, akawageukia na fimbo. "Mimi si gunia," alisema. Na mimi mwenye gari, mwenye mikono, mwenye nguvu za kubeba matangi, nimesimama mbali naangalia pembeni, kwa sababu nikimgusa hapo mbele ya soko itasimuliwa mpaka vitukuu.

Ndipo Mama Risper akatoa wazo. "Kama gari imekataa kushuka, si uiweke kwa mtaro?"

Kando ya barabara pale kuna mtaro wa maji, mkavu, wa kina kizuri. Nikaona ni akili. Nikiingiza gari mtaroni, ukingo utakuwa sawa na mlango, mama ataingia kama anayeingia sebuleni. Nikarudi nyuma polepole, watu kumi wananielekeza kwa lugha tatu, nikakata usukani wote kulia, kisha wote kushoto, na kwaruu ikasema kwaruu kwa mara ya mwisho, halafu ikasema pwa! Tairi ilikuwa imeiuma ile fenda ambayo Marwa alisema ameikata vya kutosha. Usukani ukagoma. Mbele haiendi, nyuma hairudi.

Lakini mlango, jamani, ulikuwa sawasawa na ukingo wa mtaro. Mama mkwe akageuka, akaketi kwenye kiti, akaingiza mguu, akaingiza mwingine, akapanga gauni lake, na Mama Risper akapanda upande wa pili.

"Erokamano, orwa," akasema. Asante. Na wanawake wakapiga vigelegele.

Ningemwambiaje? Gari imekwama, yeye ameshaketi, na hakuna mkwe anayemwambia mama mkwe ashuke. Nikawaomba wa nyuma washuke angalau gari iwe nyepesi, mzee wa jogoo akasema, "Tukishuka utatuacha, tunakujua." Alinijua kutoka wapi? Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuonana.

Akapita mtu anayetoka kulima, na maksai wake na plau. Akasimama akaangalia tairi, akaangalia mtaro, ambao haukuwa na hata tone la maji. "Hii si ndio ile gari ya matope?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akafungua plau bila kuongeza neno, akafunga mnyororo mbele ya gari yangu.

Kwa hivyo picha iliyobaki Rodi ni hii, na wengi wanayo kwenye simu: pikapu iliyoinuliwa, tairi mpya zinang'aa, inavutwa na ng'ombe, nyuma kuna mbuzi na jogoo, kwa dirisha mama mkwe anapunga kitambaa, na mimi natembea kando nimeshika kipande cha fenda kama mtu aliyebeba mkono wake mwenyewe uliokatika.

Fenda ilipong'oka na gari kutoka mtaroni, usukani ulikubali, na njiani nilijipa moyo. Yaliyo mabaya yamepita, nikasema. Abiria wakashuka Rongo na baraka nyingi, mama mkwe na Mama Risper wanapiga hadithi kiti cha nyuma, kwaruu imeondoka pamoja na fenda. Nilianza hata kupiga mluzi. Nilikuwa nimehangaika sana na kupanda hadi kushuka sikukufikiria hata kidogo.

Tukaingia kwangu Suna kwaya ikiimba, shangazi zangu wamevaa kitenge kimoja, Awuor yuko mbele kabisa, amesuka nywele, analia na kucheka. Akafungua mlango wa gari kumpokea mamake. Chini ya mguu wa mama kulikuwa na hewa tupu. Na uwanja wangu (nilikuwa nimeusawazisha mwenyewe wiki hiyo, kwa sifa) haukuwa na mtaro wala kichuguu.

"Nishikilie, mama," Awuor akasema.

"Nitakuangukia, mtoto wangu, nikuvunje." Mama mkwe akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu, kisha akamtazama binti yake. "Mimi nilikuja kwa sababu niliambiwa kuna lifti."

Kwaya ikanyamaza sauti moja baada ya nyingine. Mimi nilifungua mdomo kueleza, kwamba lifti ni neno la gereji, kwamba ni springi, nikaona nikisema hivyo namwambia mbele ya watu wote kwamba sikuyafikiria magoti yake hata siku moja. Na ilikuwa kweli. Niliona aibu ambayo haikuwa ya watu kucheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa anacheka. Chakula kilikuwa kinapoa. Maji alikataa, kwa sababu mgeni wa namna yake hanywi kitu kabla ya kuingia ndani.

Mwishowe akasema polepole, "Kama haiwezekani, nirudisheni tu. Mlango wa mtoto wangu nimeuona kwa mbali. Ni mzuri." Awuor akajifunika uso na leso.

Hapo ndipo Marwa akafika. Nilikuwa nimemwalika kula, na kula hachelewi, siku hiyo tu ndiyo alichelewa. Nikamkamata shati nikamvuta nyuma ya gari. "Ulipandisha hii kitu. Ishushe. Sasa hivi."

"Kushusha springi ni kazi ya siku mbili, boss."

"Mama mkwe hawezi kukaa kwa gari siku mbili!"

Marwa akajikuna. Akaangalia mama, akaangalia tairi. "Basi tutoe miguu," akasema.

Yaani tairi za upande wa mama, za mbele na nyuma. Marwa alipinga kwamba mtu hakai ndani gari ikiwa kwenye jeki, mama mkwe akasema yeye hatoki mpaka atoke, hayo yakaisha. Tukakingia magurudumu ya upande wa pili kwa mawe, tukapanga chini ya gari matofali ya ngazi ambayo sijaimaliza, Marwa akashika jeki ya mbele, mimi ya nyuma, tukahesabu kwa pamoja ili mama asiegemee. Gari kwanza ikapanda kidogo, tairi zitoke. Ndani nikasikia mama mkwe anamwambia Mama Risper, sauti ya mtu anayejua anachosema, "Unaona? Inapanda kwanza. Hata ya Kisumu ilikuwa hivyo."

Kisha tukaanza kuachia. Polepole, polepole kabisa, ile gari ikashuka na mama mkwe ndani yake amekaa wima, mkoba mapajani, kichwa chake kikishuka mbele ya macho ya ukoo wangu wote, na kwaya, sijui nani aliwaambia, ikaanza kuimba tena, wimbo wa kwenda mbinguni, ilhali sisi tulikuwa tunashuka. Mpaka mguu wake ukagusa udongo. Akasimama bila mkono wa mtu. Akajitengeneza kilemba, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa binti yake, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyumba, akakiacha hapo. Kwa vigelegele vilivyopigwa, majirani wale wa maneno walitoka wote.

Baadaye, alipokwisha kula, alinitumia ujumbe kupitia kwa Mama Risper, kama ilivyo heshima. "Mwambie orwa, ile ya Kisumu inakimbia sana. Yake inaheshimu mtu."

Hiyo ndiyo ile sehemu ambayo sijaielewa mpaka leo.

Wiki iliyofuata Marwa alirudisha gari ilivyokuwa, springi fupi, tairi zake za kawaida, fenda nyingine ya rangi tofauti. Zile tairi kubwa ziko nyuma ya jikoni, Awuor amejaza udongo, amepanda sukuma wiki. Nimeapa mbele yake sitainua tena kitu chochote katika maisha haya, hata antena ya redio.

Sasa juzi mama amepiga simu. Anataka kuja tena, na safari hii na dadake mwenye matatizo ya nyonga. Awuor akamweleza vizuri, mama, gari sasa iko chini, mtaingia na kushuka wenyewe bila shida yoyote. Halafu nikamsikia mama mkwe akiuliza, kwa huzuni ya kweli, kwa nini tumeiharibu lifti, na dadake ameshawaambia watu wa kwao.

Nimempigia Marwa. Atakuja na jeki zote mbili.